Mnada wa Taka za Kijito Sindano

Magomeni ya Kilosa hakuna sufuria isiyo na alama. Msiba ukitokea, vyombo vya watu thelathini vinakusanyika uani kwa mtu mmoja, vinapikiwa, vinaoshwa, halafu kila kimoja kinatakiwa kirudi kwao. Kwa kuwa sufuria haina mdomo wa kujitaja, wenye nazo wamezipaka rangi kitakoni. Regina, mama ntilie wa karibu na stendi, alama yake ni mistari miwili ya kijani. Herman, mwenyekiti wa kitongoji, ana msalaba wa bluu, ingawa msalaba wenyewe kanisani anauona miaka ya uchaguzi tu. Wengine wanatumia rangi ya kucha ya binti zao, ndiyo maana kuna masufuria ya ubwabwa yenye urembo kuliko maharusi.

Aliyezijua alama zote hizo ni Yunis, mjane wa miaka hamsini na tisa, Mkaguru aliyeshuka mlimani kuja kuolewa mjini na hakupanda tena. Alikuwa mtunza vyombo wa kikundi chao cha kufa na kuzikana, na stoo ya kikundi ilikuwa chumba chake cha nyuma. Ungempa kifuniko kilichobonyea angekwambia ni cha nani, kilibonyea msiba gani, na mwenye nacho siku hizi hasalimiani na nani. Katibu wa kikundi aliwahi kumletea daftari la kuandikia. Yunis alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitumia kuwashia jiko la mkaa. "Kichwa changu hakiliwi na mchwa," alimweleza.

Nyumba yake ni ya tatu kutoka Kijito Sindano. Kiangazi, Sindano ni uzi wa maji ambao kuku anavuka bila kulowa magoti. Masika yakija, kinalisahau jina lake. Kinapita chini ya barabara kwa kalavati moja la zege, kisha kinateremka kwenda kujiunga na Mkondoa. Hilo kalavati ndilo watu wenye heshima zao, wanaosema "shikamoo" na "marahaba" bila kukosea, walikuwa wameligeuza jalala. Pampasi, viroba, chupa, magodoro yaliyofia kazini, na viatu vya mguu mmoja mmoja, kana kwamba Magomeni wanaishi ndege korongo watupu.

Masika yaliyopita kalavati liliziba. Maji yakageuka, yakaingia kwa Yunis bila hodi, mchana kweupe, akiwa anachambua mchele. Yalifika magotini, yakakaa siku mbili kama wageni wa mahari, na yalipoondoka yaliondoka na kuku wanne, Biblia ya marehemu mumewe, na nusu ya ukuta wa nyuma.

Mwanawe wa pekee, Yared, mpishi wa nyumba ya wageni kule Mikumi, alikuja siku ya tatu. Akasimama sebuleni, tope likiwa limemfika kwenye vifundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Vua viatu, nimetoka kufagia."

Yared hakucheka. "Mama, twende Mikumi. Chumba cha pili kipo."

"Na vyombo vya watu?"

"Vyombo vya watu vina wenyewe. Mama naye ana mwenyewe, na ni mimi tu." Akapitisha mkono kwenye alama ya maji ukutani. "Tukubaliane. Masika yajayo maji yakiingia tena humu ndani, nakuja na gari, unapanda, hakuna mjadala."

"Yakiingia tena nitapanda," alisema Yunis, akajuta kabla hajafunga mdomo. Kwao mlimani neno la mtu mzima halirudishwi, hata kama limetoka kwa bahati mbaya, kama kikohozi.

Mikumi alikuwa ameshakaa mara mbili, wiki wiki. Hakuwa na ugomvi na malori yanayopiga honi usiku kucha, wala na nyani aliyemnyang'anya mkate mkononi, akaula mbele yake bila haya. Kilichomtisha ni kitu kingine. Siku moja ulitokea msiba nyumba ya nne kutoka kwa Yared. Wanawake wakapita mlangoni na masufuria na ndoo, mbiombio, na hakuna hata mmoja aliyemtuma sahani. Walimwambia, "Pumzika tu, bibi." Yunis alikaa kwenye kiti cha plastiki akasikiliza watu wakilia bila yeye, akahisi kama aliyefiwa ni yeye na aliyekufa ni yeye.

Kwa hiyo, mwisho wa Januari, masika yakiwa bado wiki sita au saba, alifunga kitenge kiunoni, akachukua reki, chepe na ndoo, akashuka Sindano peke yake.

Siku ya kwanza alitoa viroba kumi na viwili. Siku ya pili akakuta vingine vinane, vipya, vimefungwa vizuri kama zawadi. Wapita njia walimpa pole na kazi, wakampongeza, wakamwambia Mungu atamlipa, na mmoja aliyekuwa amebeba mfuko wa maganda akauliza kwa adabu kama anaweza kuuacha hapo hapo, kwa kuwa mama yupo.

Wiki ya pili reki ilinasa kwenye kitu kigumu. Akavuta, likatoka sufuria lililotoboka. Akaligeuza, akapangusa tope kitakoni kwa kidole gumba. Msalaba wa bluu.

"Ala," alisema Yunis kwa sauti ndogo. "Mwenyekiti."

Chini yake zilikuwepo sahani tatu za bati, kifuniko na beseni. Alivisuuza, akavipanga ukingoni, na kadiri alivyovipanga ndivyo furaha isiyo ya Kikristo ilivyozidi kumpanda. Taka za Magomeni zilikuwa na majina. Watu walikuwa wametupa vyombo na sahihi zao.

Akiwa hapo ndipo alipopita Bonifas. Babu yake Bonifas alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Kilosa kukata mkonge, kwa hiyo yeye na Yunis ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata ukiwa unaungama. Bonifas ni Mkatoliki, lakini Waanglikana humwazima kila Jumapili awe dalali wa mnada wa sadaka, pale kuku na miwa ya waumini inapouzwa nje baada ya ibada. Kanisa lina injili, mchungaji husema, ila halina sauti.

"Mtani," alisema Bonifas, akichungulia kutoka barabarani. "Mlimani mlikosa maji mpaka mje kuchimba ya kwetu?"

"Wewe ambaye babu wa babu yako alipita hapa kichwani kabeba mzigo wa mtu, na mpaka leo shingo haijanyooka, shuka ushike chepe."

"Mimi ni fundi wa mdomo. Hivyo vyombo unavipeleka kwenye msiba wa nani?"

"Vimetupwa. Na wenyewe nawajua." Akamgeuzia sufuria la Herman.

Bonifas alitazama ule msalaba, kisha sahani, kisha akakaa chini kabisa kwenye nyasi kama mtu aliyepata habari njema ya ghafla. "Hivi vinauzwa," alisema. "Jumamosi kwenye kikao cha kikundi. Mnada. Kila mtu anunue cha kwake."

"Nani atatoa hela kununua sufuria lililotoboka?"

"Nani kasema hela? Bei ni ndoo za tope."

Vikao vya kikundi havina utoro, kwa sababu asiyehudhuria hajui atazikwa na nani. Jumamosi saa kumi watu walijaa uani kwa Yunis, hatua chache kutoka ukingoni. Mambo ya kawaida yalipokwisha, Bonifas alisimama juu ya kinu, akakohoa kidalali.

"Ndugu wafiwa na wafiwa watarajiwa. Leo tuna mali safi kutoka hoteli ya kifahari ya Sindano. Mtunza vyombo atasoma alama, mwenye mali atajitokeza, na asiponunua mali yake tutajua hapa hapa kwamba anatuzibia kalavati na bado anataka tumlilie akifa."

Yunis aliinua sufuria. "Msalaba wa bluu."

Watu waligeuka kumtazama Herman, na Herman akageuka kutazama nyuma, akakuta ukuta.

"Hilo si langu," alisema. "Msalaba ni wa Wakristo wote."

"Rangi hiyo ilibaki ulipopaka mlango wa ofisi," alisema Yunis. "Nilikuwepo."

"Ndoo tatu," alisema Bonifas. "Nani zaidi? Mwenyekiti, heshima ya cheo chako haiwezi kuwa ndoo tatu. Saba. Kumi. Kumi mara ya kwanza, mara ya pili. Limekwenda kwa baba mwenye cheo."

Herman alicheka na wenzake, kwa kuwa asiyecheka angeonekana. Sahani zikauzwa, kifuniko kikauzwa, na Yunis alikuwa akisoma alama kwa sauti iliyozidi kunenepa. Aliona kalavati likifunguka. Aliona Yared akipiga simu kuuliza, "Mama, yameingia?" na yeye akijibu hapana. Akachukua beseni lililopasuka ukingo, akalipandisha juu kabisa.

"Mistari miwili ya kijani," alisema. "Mwenzetu anayepikia umma chakula. Kumbe makombo anajua pa kuyapeleka, na beseni lake juu."

Vicheko vilianza, vikakatika vyenyewe, kwa sababu Regina alikuwa amesimama na hakuwa anacheka. Alikuja mbele taratibu, akalipokea beseni, akalizungusha.

"Da Yunis," alisema. "Beseni hili nililitoa msiba wa mzee Innocent. Wiki mbili kabla ya mafuriko."

"Nikakurudishia."

"Hukunirudishia. Nimekuja kuliulizia mara tatu. Ukaniambia kichwa chako hakijawahi kukosea, kwamba nimelisahau kwa wifi yangu Munisagara." Regina aliliweka beseni chini. "Wifi yangu nimemnunia mwaka mzima. Ameninunia na yeye. Mtoto wake kaolewa, sikwenda. Kwa beseni hili."

Yunis alifungua mdomo apate jibu, na kichwa chake, kile kisicholiwa na mchwa, kikamwonyesha kitu kimoja tu: chumba cha nyuma, kona ya ukuta, beseni lenye mistari ya kijani likiwa limepakiwa sahani tatu za bati na kifuniko, na kando yake sufuria lenye msalaba wa bluu. Ukuta huo ndio ulioanguka. Maji yalipotoka kwake hayakutoka mikono mitupu.

Hakuna aliyetupa vyombo Sindano. Vilitoka kwa mtunza vyombo.

Angeweza kusema mengi. Angeweza kulia, na mjane akilia mkutano unafungwa. Badala yake alipiga magoti mbele ya Regina, magoti yote mawili kwenye vumbi, mtu mzima mbele ya mdogo wake, na kikundi kizima kikavuta pumzi.

"Nimekosa," alisema. "Vilikuwa kwangu vyote. Mimi ndiye niliyeviachia maji, na mimi ndiye niliyewatukana. Naomba radhi, mdogo wangu. Na kwa wifi yako nitakwenda mwenyewe."

"Basi," alisema Herman kutoka nyuma, "na mimi nirudishiwe ndoo zangu kumi."

Ingekuwa mwisho wa mnada, na wa kalavati, na Yunis alijua hivyo akiwa pale chini. Tayari alikuwa anafikiria ni kanga zipi zitatosha kwenye begi la Mikumi. Lakini mtani ana kazi zake. Mtu akijidhalilisha mbele za watu, mtani ndiye anayepaswa kumtoza faini, ili aibu ilipwe iishe, isilale kwenye nyumba za watu.

"Mnada haujafungwa," alisema Bonifas. "Kuna mali moja imebaki. Mkaguru mmoja, mtumba, magoti mabovu, kichwa kina matundu. Faini yake ni ndoo mia moja."

"Mia za nini?" alisema Regina. "Unataka afie humo, halafu vyombo vya msiba atoe nani?"

"Wewe ndiye uliyekosewa, taja."

"Sitini."

"Sitini. Mara ya kwanza." Bonifas akashusha sauti. "Au kuna anayemkomboa?"

Kwenye minada ya kanisani mambo ndivyo yalivyo. Mtu akipewa adhabu ya kuchekesha, labda kucheza mbele ya askofu, anayempenda anaweza kumkomboa kwa kutoa alichonacho. Kwa kawaida wanakombolewa wachungaji na mabibi harusi. Yunis aliinamisha kichwa. Nani amkomboe mtu ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akiwasomea majina yao kama karani wa mahakama?

"Namkomboa kumi," alisema Regina.

Yunis aliinua macho.

"Usinitazame hivyo, nitazighairi. Miaka kumi na nne mimi napika misibani na vyombo vyangu vinarudi, vimekauka, vimepangwa. Kimoja tu kimepotea. Kumi zangu."

"Tano," alisema mwingine.

"Tano na mimi. Alinizikia mama."

"Mbili, mgongo wangu mnaujua."

Ilikwenda hivyo hadi ikafika hamsini na mbili, na Herman, akiona kila mtu anamtazama tena, akasema zile kumi zake basi zibaki zilipo. Hesabu ikazidi sitini. Bonifas akasema ziada haina tatizo, mbinguni inapokelewa.

"Tano niachieni mimi," alisema Yunis akiinuka. "Nisikombolewe mpaka nikawa bure."

Jua lilikuwa bado juu ya milima waliposhuka. Hakuna aliyesubiri asubuhi, maana wote walijua Jumamosi ina watu na Jumapili ina visingizio. Majembe yalitoka, ndoo zikatoka, hata ndoo mpya za kikundi, na Yunis alipofungua mdomo kuzikataza akaufunga tena. Kina mama walipanga mstari kutoka kalavatini hadi ukingoni na ndoo zikatembea mikononi. Regina alikuwa wa kwanza ndani, maji meusi yakimfika mapajani, na kwa kinywa chake aliwataja wote waliotupa pampasi bila kuhitaji alama yoyote.

Karibu na mdomo wa kalavati chepe likagonga bati. Lilikuwa limekaa wima, limekingama shimo lote kama mlango, na nyuma yake ndipo uchafu wa miaka yote ulipokuwa umeegemea. Wakafunga kamba, watu wanane wakavuta, na likang'oka na sauti ya jino. Sindano ikacheua. Maji meusi yakatoka kwa kishindo, watu wakarukiana, na vicheko vilipopungua Bonifas akapangusa lile bati kwa kiganja, akasoma kwa sauti ya mnada:

"Ni marufuku kutupa taka hapa. Faini kali. Kwa amri ya mwenyekiti wa kitongoji."

Kila mtu alimgeukia Herman.

"Hicho kibao kiliibwa," alisema Herman.

"Hakikuibwa, kiongozi. Kilikwenda kusimamia kazi kwa karibu."

Herman, na hili lazima lisemwe kwa haki, alicheka hadi akakaa kwenye tope na suruali yake ya kikao. Kisha akavua shati na kubeba ndoo ishirini, mara mbili ya alizotozwa, na tangu siku hiyo wapo wanaokiri kwamba kura yao haikupotea yote.

Jumatano iliyofuata Yunis alipanda gari hadi Munisagara na beseni jipya kichwani. Alichomwambia wifi ya Regina hakukisimulia. Alirudi jioni na kuku wawili, mmoja wake, mmoja wa Regina.

Masika yalifika wiki ya tatu ya Machi, na Yared naye. Alisikia kwenye redio mvua kubwa inakuja, akakodi kirikuu, akaegesha mlangoni kabla ya tone la kwanza. Hakusema amekuja kuhamisha mtu. Alisema amekuja kusalimia, huku kamba za kufungia mizigo zikiwa zimelala nyuma ya gari kama mashahidi.

Mvua ilianza saa sita mchana. Mama na mwana walikaa kizingitini, bakuli la karanga katikati yao, hakuna aliyekula. Milimani kukawa kweusi. Saa nane Sindano ikaja, kahawia, imebeba matawi na gogo zima, ikapanda ukingo wa kwanza, ikapanda wa pili. Yunis alikuwa anasema zaburi bila sauti na midomo ilikuwa inakwenda mbio kuliko maneno. Maji yakafika kalavatini. Yakajaa mdomo wa zege, yakazunguka, yakasita, kama mtu aliyechukua tonge kubwa mbele ya wakwe.

Yakameza. Ng'ambo ya barabara yakatoka yakinguruma kuelekea Mkondoa, na huku juu yakaanza kushuka, kidole baada ya kidole.

Walikaa hivyo saa nzima.

"Hayajaingia," alisema Yared mwishowe.

"Nimeona, baba."

"Gari nimelipia siku nzima."

"Na hilo nimeliona."

Regina alikuja na wali chini ya mwavuli, Bonifas akaja na mdomo wake. Alimtazama Yared, akatazama kirikuu. "Mpwa, ulikuja kumwiba mtani wangu? Huyu tumemkomboa kwa ndoo sitini na kitu, na wewe umetoa ngapi?"

Yared alikuwa hajui habari za ndoo. Wakamsimulia, wote watatu kwa pamoja, na Yunis ndiye aliyesimulia sehemu ya magoti, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuipunguza. Yared alimsikiliza mama yake akiwashukuru wale watu jina kwa jina, aliyetoa kumi na aliyetoa mbili, na hakukosea hata mmoja. Alikula wali wote. Kisha akaenda kutazama lile lundo la taka walilolitoa, ambalo bado lilikuwa ukingoni, na mvua ilikuwa imeanza kulimegua kurudi majini.

Akavua shati. Lile gari lililokuja kumchukua Yunis lilifanya safari nne hadi dampo, limejaa viroba na magodoro, Bonifas akiwa amekaa mbele kama waziri. Waliporudi mara ya mwisho Yared alikuwa na tope hadi kwenye nyusi. Yunis alikuwa amemchemshia maji ya kuoga na alisimama na kopo, akimmiminia mgongoni kama zamani, na alikuwa anasema asante, asante Bwana, asante, kila kopo na asante yake.

"Na mwakani, mama?" aliuliza Yared, macho yamefumbwa na sabuni.

"Mwakani kodi gari kubwa zaidi," alisema Yunis. "Na uje mapema, hizi kazi si za kufanya siku moja."